Misimu ya Tope: Kutoka Buguruni hadi Chini ya Bahari

Buguruni haina bahari. Mtu aliyesimama sokoni kwake, kati ya mafungu ya nyanya na makelele ya utingo wa daladala, haoni tanga wala hasikii wimbi, na hata samaki wanaokaangwa jioni kando ya barabara hufika hapo wakiwa wamebebwa kutoka Feri. Hata hivyo Buguruni ina njia yake ya kwendea baharini, nayo ni mto Msimbazi. Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu, huteremka kwa mwendo wa kilomita 35 hivi, hupita Vingunguti na pembezoni mwa Buguruni, huingia Kigogo na Jangwani, na mwishowe hujimwaga baharini penye daraja la Salenda, upande wa Upanga. Kile ambacho Buguruni inakitupa, kukimwaga au kukisahau, mto hukichukua. Na huko kinakofika kuna wakazi wengi kuliko wa jiji zima la Dar es Salaam, ingawa hakuna sensa ya taifa iliyowahi kuwahesabu.

Wakazi hao ni minyoo mviringo ya baharini, ambayo wataalamu huiita nematodi. Asikumbuke msomaji minyoo ya tumboni, japokuwa ni ukoo mmoja. Hawa hawamwingii mtu. Huishi huru kati ya chembe za mchanga na tope, na wengi wao hawafikii urefu wa milimita mbili. Jicho haliwaoni isipokuwa kwa msaada wa hadubini. Ili kuwapata, mtafiti huchota tope, akalichekecha kwa chekecheo la nusu milimita ambalo hupitisha wadogo na kuzuia wakubwa, kisha akawanasa kwa lingine lenye matundu madogo mno. Mwaka 1942 Mwingereza Molly Mare ndiye aliyelipa jina kundi hili zima la viumbe wa kati, wasio wakubwa kama kaa na chaza wala wadogo kama bakteria. Aliliita meiobenthos. Ndani ya kundi hilo, karibu kila mahali duniani, nematodi ndio wengi.

Nematodi hana buu la kuelea majini. Samaki, kamba na chaza, wanapokuwa wachanga, huchukuliwa na mkondo wakaenda kutafuta maisha kwingine; nematodi huzaliwa katika tope na kwa kawaida hufia katika tope lile lile, isipokuwa wimbi limtibue. Kwa hiyo hakifuati chakula. Hukingoja kishuke kutoka juu.

Kinachoshuka ni planktoni, yaani vijimea na vijidudu vinavyoelea katika maji yenye mwanga. Mara kwa mara, rutuba, jua na utulivu wa maji vinapokutana, vijimea hivyo huongezeka kwa siku chache tu hata maji yakabadilika rangi. Rutuba ikishakwisha, hufa, hugandana kwa utelezi wake, na kuanza kuzama pamoja na vinyesi vya vijidudu vilivyovila. Wataalamu wa nchi za baridi wameuita mdondoko huo theluji ya bahari. Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambaye theluji ameisikia tu ikitajwa juu ya Kilimanjaro, atauelewa vyema zaidi akifikiria majivu mepesi yanayotua juu ya kila kitu pale shamba linapochomwa moto.

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba chini ya bahari, hasa penye kina kirefu, hakuna misimu. Giza ni lile lile, baridi ni ile ile, na chakula kinadondoka kidogo kidogo mwaka mzima. Imani hiyo ilivunjika kwa picha. Mwaka 1983 David Billett na wenzake wa Uingereza walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao wa kusini-magharibi mwa Ireland: sakafu ya bahari, penye kina cha maelfu ya mita, ilikuwa imefunikwa na utando wa kijani wa vijimea vilivyoshuka baada ya machanuo ya majira ya kuchipua. Chakula kilikuwa kimefika kikiwa bado kibichi. Tangu hapo swali likawa si kama chini ya bahari kuna msimu, bali ni nani anayeuhisi na anafanya nini anapouhisi.

Kwa nematodi sehemu ya jibu ilikuwa imekwisha andaliwa miaka thelathini kabla. Mwaka 1953 Wolfgang Wieser, mtaalamu kutoka Austria, aligundua kwamba mdomo wa nematodi unaeleza riziki yake. Wako wenye mdomo mdogo usio na meno, ambao hunyonya bakteria na uchafu laini. Wako wenye mdomo mpana usio na meno, ambao humeza chembe nzima. Wako wenye jino dogo, ambao hukwangua au hutoboa vijimea vyenye ganda la kioo viitwavyo diatomu. Na wako wenye taya na meno makubwa, ambao huwala wenzao. Mgawanyo huu umekosolewa, kwani mdomo mmoja unaweza kuwa na matumizi mawili, lakini hadi leo hakuna aliyeuacha. Kwa mgawanyo huo mtafiti anaweza kutazama tope kabla na baada ya machanuo na kuona ni vinywa vya aina gani vimeongezeka. Katika Bahari ya Kaskazini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba baada ya vijimea vya majira ya kuchipua kutua, jamii ya nematodi hubadilika kwa idadi, kwa aina, na hata kwa maumbile ya miili. Wakwanguaji wa diatomu hunufaika na kile kilicho kibichi. Wala bakteria hunufaika na kilichooza. Kwingineko mabadiliko huwa madogo mno, kwa sababu tope limeweka akiba na minyoo hula ghalani badala ya kungoja soko la siku.

Elimu hiyo yote ilijengwa juu ya kalenda ya kaskazi ya mbali: baridi, kisha kuchipua, kisha machanuo makubwa mara moja au mbili kwa mwaka. Pwani ya Waswahili haina kalenda hiyo.

Inayo yake, na ni ya kale. Wavuvi na wakulima wa pwani na visiwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, ile Siku ya Mwaka ambayo Makunduchi bado huiadhimisha mwezi wa Julai, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za nyongeza. Kwa miongo hiyo walijua lini kusi itakaza, lini bahari italala, lini vuli itaanza na lini masika. Hawakuwa na hadubini, wala hawakudai kujua yaliyomo topeni, lakini walikuwa wameshaliona jambo ambalo sayansi ilichelewa kulikubali, kwamba mwenye mamlaka juu ya maji ya pwani hii ni upepo. Jua hapa halipungui kwa kiasi cha kuleta msimu.

Upimaji wa kisayansi ulianza kwa utaratibu katika miaka ya 1950, pale Zanzibar ilipokuwa makao ya shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari la Afrika ya Mashariki. B. S. Newell, aliyefanya kazi huko, alichapisha mwaka 1957 na 1959 maelezo ya mikondo, joto na chumvi ya maji ya pwani. Mwaka 1963 J. H. Wickstead akatoa makadirio yake ya planktoni wanyama wa eneo la Zanzibar. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi zake nazo ziligawanyika, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar. Mwaka ule ule wa 1977 Ian Bryceson alikamilisha katika chuo hicho tasnifu yake juu ya ikolojia ya planktoni mimea katika maji ya Dar es Salaam. Kazi hiyo inastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa. Hadi leo yeyote anayetaka kuzungumzia misimu ya maji ya Dar es Salaam hulazimika kuanzia pale.

Kilichojitokeza katika kazi hizo, na ambacho Timothy McClanahan alikikusanya vizuri mwaka 1988 kwa pwani nzima, ni hiki. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, upepo ni mkali, maji ni ya baridi kidogo na yamevurugwa hadi chini, na mkondo wa pwani hukimbia kwa nguvu kuelekea kaskazini. Vijimea havitulii katika mwanga. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, upepo hupungua nguvu, maji hupata joto na kujipanga matabaka, na machanuo hutokea. Mchanuaji mkuu ni kiumbe aitwaye Trichodesmium, sayanobakteria mwenye uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza rutuba, uwezo ambao diatomu hawana. Mwaka 2002 Charles Lugomela na wenzake, miongoni mwao marehemu Profesa Adelaida Semesi aliyefariki mwaka 2001, walichapisha utafiti wao wa kiumbe huyu katika maji ya Tanzania, nao pia walimkuta akishamiri katika kaskazi. Mabaharia wa mataifa mengi wamemwona akielea kama unga wa msumeno uliomwagwa baharini.

Hapa ndipo yule anayetaka kuhamisha nadharia ya kaskazi ya mbali aje nayo Dar es Salaam anapokwama. Machanuo ya Trichodesmium huonekana hata kwa macho ya abiria wa boti ya Unguja, lakini kuonekana kwake ni ishara kwamba hayajazama. Kila uzi wake una vifuko vya hewa vinavyoushikilia juu. Walaji wake ni wachache. Sehemu kubwa huoza pale pale juu au husukumwa ufukoni. Chakula cha chini hutokana zaidi na kile ambacho Trichodesmium anakiacha, yaani naitrojeni aliyoiongeza majini, inayowawezesha diatomu na wengine wasioonekana kukua na baadaye kushuka. Karamu ya minyoo basi huchelewa, na huja kwa mlango wa nyuma. Isitoshe, katika maji ya kina kifupi na kwenye nyanda zinazopwewa, mwanga hufika hadi kwenye tope lenyewe, na diatomu huota juu yake kama ukungu wa dhahabu. Nematodi wa hapo wana shamba lao mlangoni, na hawategemei mvua ya kutoka juu pekee.

Wakati planktoni ilikuwa imeshahesabiwa kwa miongo kadhaa, minyoo ilisubiri hadi miaka ya 1990. Mwaka 1992 Sandra Vanhove na wenzake wa Ubelgiji walichapisha hesabu ya viumbe wadogo katika tope la aina tano za mikoko ya Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Mwaka 1995 Emil Ólafsson alichapisha uchunguzi wa mikoko ya Zanzibar: katika eneo la sentimita 10 za mraba, lisilofikia ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, palikuwa na viumbe kuanzia 205 hadi 5263, na nematodi walikuwa wengi kupita wengine wote. Jenasi zao zilizidi tisini. Mwaka huo huo yeye, Ron Johnstone na Simon Ndaro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa utafiti juu ya athari za mashamba ya mwani kwa viumbe hao. Kilimo hicho kilikuwa kimeanza kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na kilikuwa tayari kimekuwa tegemeo la maelfu ya wanawake. Swali halikuwa la anasa, kwani yaliyomo chini ya kamba za mwani ndiyo yanayowalisha samaki wadogo wanaoingia humo. Mwaka 1999 Ndaro na Ólafsson wakaeleza jinsi jamii za nematodi zinavyotofautiana kutoka mahali hadi mahali katika wangwa wa Zanzibar. Upande wa maji ya kina, Agnes Muthumbi wa Kenya aliwaeleza nematodi wa mteremko wa bara mbele ya pwani ya Kenya, kutokana na sampuli za safari za meli ya Kiholanzi Tyro za mwaka 1992 na 1993, na baadhi yao walikuwa wapya kwa sayansi.

Mwaka 1997, kati ya kazi zake za Zanzibar, Ólafsson huyo huyo alichapisha pamoja na Ragnar Elmgren utafiti kuhusu jinsi viumbe hawa wa Bahari ya Baltiki wanavyokwenda na mdondoko wa planktoni msimu kwa msimu. Kwa hiyo mikono iliyopima msimu wa tope kule ndiyo iliyohesabu wakazi wa tope hapa. Kule kulikuwa na vituo vya kudumu, meli za kudumu na fedha za kudumu, na mtu aliweza kurudi mahali pale pale mwezi baada ya mwezi. Hapa kazi nyingi zilifuata kalenda ya mradi, na kalenda ya mradi haijui kaskazi wala kusi. Haikuwa kosa la watafiti. Lakini ndiyo sababu elimu ya tope la pwani hii ina utajiri wa majina na uchache wa miezi.

Turudi Buguruni. J. A. K. Leslie alipoufanyia mji wa Dar es Salaam uchunguzi wake maarufu katikati ya miaka ya 1950, uliotoka kitabuni mwaka 1963, Buguruni ilikuwa ukingoni mwa mji, ikiwa bado na sura ya kijiji katikati ya minazi. Sensa ya 1948 ilikuwa imeupa mji wote watu wapatao 69,000. Ile ya 1967 ilihesabu watu 272,821. Ya 1988 ikahesabu 1,360,850. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Buguruni haikuhama, bali mji ndio uliotembea hadi kuipita, na kilichokuwa ukingo kikawa kitovu. Reli, viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na machinjio ya Vingunguti vilileta kazi. Kazi ikaleta wapangaji, na wapangaji wakahitaji vyoo kabla mabomba ya maji taka hayajawafikia. Mabwawa ya kutibu maji taka yalichimbwa Vingunguti na Buguruni, lakini nyumba zilizounganishwa nayo zilikuwa chache kulinganisha na zile zilizotegemea choo cha shimo.

Na choo cha shimo, katika udongo ambao maji yake yako karibu na juu, hujaa. Mwenye nyumba asiye na fedha ya gari la kunyonya hungoja mvua. Masika inapoanza kumwagika, hutoboa ukuta wa shimo na kuacha maji ya mafuriko yachukue yaliyomo. Watu wa Dar es Salaam wana neno lao kwa tendo hilo: kutapisha. Halitajwi katika ripoti kwa ufasaha unaolistahili, pengine kwa aibu, lakini hakuna neno linaloeleza vizuri zaidi namna mji unavyoilisha bahari yake. Maana kilichotapishwa ni naitrojeni na fosforasi, ndiyo ile rutuba ambayo diatomu wa pwani walikuwa wakiisubiri.

Jambo la kushangaza katika historia hii ni wakati wake. Masika huja Machi hadi Mei, kaskazi inapokufa na kusi inapozaliwa. Huko nje, kwenye maji ya kina, huo ni mwanzo wa msimu wa upungufu: Trichodesmium anapungua, maji yanavurugika. Lakini katika ukanda mwembamba ulio mbele ya Msimbazi ndio wakati mto unapofika ukiwa mzito, rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa Pugu, majani, damu ya machinjio, sabuni na vyoo. Tope hulishwa pale ambapo bahari ya wazi ingelinyima. Msimu wa kale, wa upepo, umewekewa juu yake msimu mwingine ulioundwa na idadi ya watu na ukosefu wa mabomba. Hata kiangazi mto haukauki kabisa, kwa sababu viwanda na mabwawa havijui kiangazi. Ile njaa fupi ambayo zamani iliwapumzisha wakazi wa tope imepungua.

Mtu anaweza kudhani kwamba minyoo itashukuru. Baadhi hushukuru. Lakini chakula kikizidi, bakteria wanaokiozesha humaliza oksijeni, na lile tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza, ambalo kwa kawaida huwa chini ya uso wa tope, hupanda juu. Nematodi wasiostahimili hukimbilia milimita chache za mwisho, kisha hutoweka. Hubaki jenasi kama Sabatieria na Terschellingia, ambazo dunia nzima hujulikana kwa uvumilivu wa tope lisilo na hewa. Idadi inaweza hata kuongezeka huku aina zikipungua, kama soko lililojaa watu wote wakiuza bidhaa moja. Kopepodi, majirani wa nematodi wenye miguu na ganda, huondoka mapema zaidi. Mwaka 1981 Waingereza Raffaelli na Mason walipendekeza kwamba uwiano wa nematodi kwa kopepodi utumiwe kama kipimo cha uchafuzi. Pendekezo hilo lilipingwa karibu mara moja, na waliopinga walikuwa na hoja, kwa sababu uwiano huo hubadilika pia kwa ukubwa wa chembe za mchanga na kwa msimu. Neno hilo la mwisho ndilo linalohusika hapa. Asiyejua msimu wa mahali hawezi kujua kama anachokiona ni uchafu au ni mwezi wa Mei.

Kuhusu uchafu wenyewe ushahidi haukukosekana. Mwaka 1992 John Machiwa aliandika juu ya uchafuzi katika eneo la bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walipima metali nzito katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, mchicha ule ule unaofungwa mafungu na kuuzwa katika masoko ya jiji. Mwaka 2001 Hans De Wolf na wenzake walilinganisha tope la mikoko minne ya Dar es Salaam, ukiwemo wa Msimbazi, wakakuta metali zimejikusanya humo, na wakatazama athari zake katika maumbile ya konokono wadogo wapandao mikoko. Mwaka 2009 Thomas Lyimo alichapisha vipimo vya bakteria na rutuba katika maji ambayo wakazi wa jiji huogelea. Kila mmoja alishika kipande chake: mboga, konokono, maji, metali. Nematodi, ambaye hula ndani ya tope hilo, hunywa ndani yake na hana pa kuhamia, ndiye shahidi aliyeitwa mara chache zaidi.

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam kwa siku mfululizo, Msimbazi ukafurika, na watu wapatao arobaini wakafa. Serikali iliwahamishia Mabwepande baadhi ya waliokuwa wakiishi bondeni. Mafuriko yalirudi tena na tena katika miaka iliyofuata, na kila yaliporudi sehemu nyingine ya Pugu ilihamia baharini, mdomo wa mto ukajaa mchanga, na maji yaliyokosa pa kupita yakarudi majumbani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: kuchimba na kupanua mkondo wa chini, kujenga daraja la juu zaidi pale Jangwani, kuondoa makazi katika sehemu za hatari na kugeuza eneo hilo kuwa bustani ya mji. Kwa wakazi wa Buguruni waliozoea kuinua magodoro juu ya makabati kila masika, ni habari ya uhai. Kwa wakazi wa tope ni habari ya namna nyingine, kwa kuwa kuchimba mkondo ni kuwafukua wote.

Watarudi. Majaribio ya sehemu nyingi, ya kuweka ufukoni visahani vya tope lisilo na kiumbe, yameonyesha kwamba nematodi huanza kuingia baada ya siku chache, wakiletwa na maji yanayojaa na kupwa. Wanaofika kwanza mara nyingi huwa ni wasiochagua. Wenye jino la kukwangua diatomu hushamiri pale tu mwanga na tope safi vinapowaruhusu. Kama mabomba yatafika Buguruni kabla ya mashine kuondoka Jangwani, au baada yake, kutaonekana katika vinywa vyao. Sampuli ya kwanza ingefaa kuchukuliwa mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na maji yametakata, penye bamvua, wakati tope la mbele ya Salenda linapopwewa kabisa. Ya pili mwezi wa Mei, kutoka mahali pale pale, maji ya Buguruni yakiwa yameshafika.